Maswali ya Wasomaji: Feni ya Laptopu Inamsikiliza Nani?

SWALI: Nimeweka Ubuntu kwenye laptopu yangu. Nikiandika amri ya sensors, mstari wa acpitz unasema nyuzi 27.8, iwe asubuhi, mchana au usiku. Wakati huohuo feni inavuma na mapaja yanaungua. Je, kihisi kimekufa? Na kama kimekufa, feni inajuaje kwamba kuna joto?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Kihisi chako ni kizima. Namba unayoisoma ndiyo isiyotoka kwenye kihisi.

Laptopu huuambia mfumo endeshi habari za joto kwa kufuata kanuni za ACPI, zilizotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Ndani ya femuwea, yaani programu ya kiwandani iliyohifadhiwa kwenye chipu za ubao, kuna kipengele kinachoitwa _TMP. Kikiulizwa joto, kinajibu kwa sehemu za kumi za Kelvin. Ili upate nyuzi za Selsiasi, toa 2732 kisha gawa kwa 10. Sasa chukua 3010: toa 2732, inabaki 278, yaani nyuzi 27.8. Ndiyo namba yako hiyo. Kwenye laptopu kadhaa walioandika femuwea waliiweka 3010 humo kama ilivyo, bila kuuliza kihisi chochote, kwa kuwa kanuni inadai pawepo jibu. Haitabadilika hata laptopu ikichemka.

Angalia badala yake mstari wa coretemp kama prosesa ni ya Intel, au k10temp kama ni ya AMD. Kwa Intel, soma Package id 0. Kihisi hicho kimo ndani ya silikoni yenyewe, na kwa hakika hakipimi joto moja kwa moja: kinapima umbali uliobaki hadi kikomo, ambacho kwa prosesa nyingi za laptopu ni nyuzi 100 au 105. Ikifika hapo, prosesa inajipunguzia kasi yenyewe bila kungoja ruhusa ya yeyote.

Feni nayo haisubiri Ubuntu wala Windows. Inaongozwa na chipu ndogo kwenye ubao mkuu iitwayo EC, yenye programu yake ndani ya femuwea, ambayo huanza kazi kabla mfumo endeshi haujaamka. EC inasoma joto la prosesa pamoja na vihisi vidogo vilivyochomelewa karibu na batri na saketi ya umeme, inalinganisha na jedwali lililoandikwa kiwandani, halafu inaamua feni ipewe nguvu kiasi gani. Kisha inahakikisha imetiiwa: feni nyingi hurudisha mapigo 2 kwa kila mzunguko, kwa hiyo EC ikihesabu mapigo 100 kwa sekunde inajua kuwa feni iko kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika.

SWALI: Nilipokuwa Njombe laptopu yangu ilikuwa kimya. Tangu nihamie Dar es Salaam feni haizimi. Fundi anasema femuwea imeharibika, nibadilishe. Nikubali?
*Msomaji, Tabata*

JIBU: Usikubali bado. Kuandika femuwea upya umeme ukikatika katikati kunaweza kukuachia laptopu isiyowaka kabisa, na dalili ulizotaja hazijafikia huko.

Hitisinki, yaani bamba, bomba na mapezi ya shaba ya kupozea prosesa, haina baridi yake. Inachofanya ni kuhamisha joto kwenda kwenye hewa ya chumba, na prosesa lazima iwe na joto zaidi ya hewa hiyo ndipo joto litoke. Kwa kazi ileile na kasi ileile ya feni, ukitoka chumba cha nyuzi 20 kwenda cha nyuzi 32, prosesa nayo inapanda takriban nyuzi 12. Jedwali la EC halijui kwamba umehama mkoa. Kama feni iliwekewa kuwaka kwenye nyuzi 55 na Njombe ulikuwa ukikaa kwenye 46, Dar uko 58, basi inawaka na inabaki imewaka.

Lakini huenda pia kuna vumbi, au pesti ya prosesa, ile dawa ya kupitishia joto kati yake na bamba la shaba, imekauka. Haya mawili mafundi wengi huyachanganya, ilhali kipimo kinayatenganisha vizuri. Funga programu zote, subiri dakika 10, kisha fungua madirisha mawili ya terminali. Kwenye moja andika watch -n 1 sensors. Kwenye jingine andika stress-ng --cpu 4 --timeout 300s, amri ya kuipa prosesa mzigo mzito. Sasa tazama namba *inavyopanda*, maana mwendo wake unaeleza zaidi kuliko pale inapoishia.

Ikiruka kutoka 45 hadi 95 ndani ya sekunde 2 au 3, na mzigo ukiisha ikaporomoka hadi 60 kwa haraka ileile, joto halifiki kwenye bomba la shaba. Tatizo liko kati ya prosesa na bamba lake: pesti imekauka, au skrubu hazikukazwa sawasawa. Weka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa: upepo utakuwa na nguvu lakini wa uvuguvugu tu. Ikipanda polepole kwa dakika kadhaa na kushuka polepole vilevile, joto linafika kwenye shaba ila halitoki nje. Hapo upepo utakuwa hafifu na wa moto. Hilo ni vumbi, au feni iliyochoka.

Vumbi lenyewe hukaa mahali pamoja: kati ya feni na mapezi ya shaba, limeshikana kama kipande cha blanketi. Kupuliza kwa blowa kutoka nje hulisukuma tu lirudi kwenye feni. Fungua kifuniko cha chini, tenganisha batri kwanza, toa feni, kisha livute kwa kibanio. Ukitumia blowa, zuia mapanga ya feni kwa kidole. Yakizungushwa na upepo, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye ubao, na beringi inapelekwa kasi isiyotengenezewa.

Kwa pesti, futa ya zamani kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, kisha kaza skrubu kwa kufuata namba zilizochapwa pembeni mwake, kila moja kidogo kidogo kwa zamu. Kuna kosa moja ninaloomba mlikwepe: kubadilisha vile vipande laini vya kupitishia joto vinavyokaa juu ya chipu ndogo kwa vipande vinene zaidi. Palipokuwa na unene wa milimita 0.5 ukiweka wa 1, bamba zima linanyanyuka na haliigusi tena prosesa vizuri. Laptopu inarudi kutoka kwa fundi ikichemka kuliko ilivyokwenda.

SWALI: Natumia ThinkPad T470 yenye Debian. Nataka feni inyamaze kabisa ninapoandika na iwahi kuwaka ninapotafsiri programu (compile). Nimesoma kuna thinkfan, programu ya kuongoza feni, lakini naogopa kuunguza mashine. Nifanyeje?
*Msomaji, Eldoret*

JIBU: Woga wako una msingi, kwa sababu unachoomba ni kuinyang'anya EC kazi yake. Inawezekana kuifanya kwa usalama ukienda hatua kwa hatua.

Kwanza fanya kipimo cha jibu lililotangulia. Kama joto halitoki, hakuna jedwali litakalokusaidia.

Moduli ya Linux inayozungumza na EC ya ThinkPad ni thinkpad_acpi. Kwa kawaida inakataa amri za feni mpaka uiruhusu. Tengeneza faili /etc/modprobe.d/thinkpad_acpi.conf, andika ndani yake options thinkpad_acpi fan_control=1, kisha washa mashine upya. Halafu soma cat /proc/acpi/ibm/fan. Utaona hali ya feni, mizunguko kwa dakika, na ngazi. Kama chini yake kuna mistari inayoanza na neno commands, ruhusa imekubaliwa. Kama haipo, faili halijasomwa, na kuendelea ni kupoteza muda.

Ngazi ni 0 hadi 7, ambapo 0 ni feni kuzimwa. Kuna auto, yaani EC irudishiwe usukani. Kuna pia full-speed, ambayo inaiondoa EC kwenye usimamizi wa kasi na kuisukuma feni kwa nguvu zake zote, pengine kupita kiwango ilichotengenezewa. Hiyo iache iwe ya dharura.

Sakinisha kwa sudo apt install thinkfan lm-sensors stress-ng. Toleo la 1.0 na yaliyofuata husoma faili la mipangilio la muundo wa YAML, kwa hiyo andika /etc/thinkfan.yaml hivi:

```
sensors:
  - hwmon: /sys/class/hwmon
    name: coretemp
    indices: [1]
fans:
  - tpacpi: /proc/acpi/ibm/fan
levels:
  - [0, 0, 55]
  - [2, 49, 62]
  - [4, 56, 70]
  - [6, 64, 78]
  - [7, 72, 32767]
```

Mstari wa name usiuache. Bila huo itabidi utaje folda ya kihisi kwa namba, kama hwmon3 au hwmon5, na namba hizo zinaweza kubadilika kila mashine inapowaka. Leo thinkfan inasoma prosesa, kesho inasoma diski.

Kwenye levels, namba ya kwanza ni ngazi, ya pili ni joto la kushukia, ya tatu ni la kupandia. Tazama jinsi zinavyopishana: feni inawaka kwa ngazi ya 2 joto likifika 55, lakini haizimi mpaka lishuke chini ya 49. Hizo nyuzi 6 za katikati ndizo zinazoleta utulivu. Ukiandika 55 na 55, joto litacheza kati ya 54 na 55 na feni itawaka na kuzima mfululizo. Kelele ya namna hiyo inakera kuliko feni inayovuma moja kwa moja, na inachosha mota.

Jaribu kwanza mbele ya macho yako: sudo thinkfan -n, huku stress-ng ikifanya kazi kwenye dirisha la pili kwa dakika 5. Joto likivuka 90 wakati feni iko ngazi ya 7, simamisha kila kitu kwa kuandika echo level auto | sudo tee /proc/acpi/ibm/fan, urudi kwenye usafi wa hitisinki. Likitulia, washa huduma kwa sudo systemctl enable --now thinkfan.

Halafu kuna mlinzi aitwaye watchdog. Unaiambia moduli: usiposikia amri ya feni kwa sekunde kadhaa, kati ya 1 na 120, rudisha usimamizi kwa EC. Hivyo thinkfan ikifa, feni haibaki imezimwa. Ila mlinzi huyo anaishi ndani ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi. Kerneli yenyewe ikiganda wakati feni iko 0, naye ameganda. Hapo unabaki na ulinzi wa mwisho wa prosesa, kujipunguzia kasi na kujizima, lakini ulinzi huo hautazami joto la batri wala la diski. Ndiyo sababu nimeweka mwisho wa ukimya kwenye 55. Wapo wanaoiweka 65 au 70. Kwa mashine yenye batri ya ndani inayolala jirani na bamba la joto, mimi nakataa.

Ukitaka kuangalia vihisi vingine, soma /proc/acpi/ibm/thermal. Ukikuta -128, maana yake nafasi hiyo haina kihisi.

SWALI: Laptopu yangu ya Dell imekuwa nzito kupindukia. Nilidhani ni joto, lakini prosesa iko nyuzi 45 na feni iko kimya. Kasi imeganda kwenye 0.79 GHz.
*Msomaji, Bujumbura*

JIBU: Prosesa imefungwa breki kutoka nje. Kuna waya uitwao PROCHOT. Prosesa huutumia kutangaza kwamba imechemka, ila vilevile sehemu nyingine za ubao zinaweza kuuvuta ili kuilazimisha prosesa ipunguze kasi.

Chomoa chaja, utumie batri peke yake. Kasi ikirudi, mkosaji ni chaja. Chaja nyingi za Dell za pini ya duara zina chipu ya utambulisho inayosomwa kupitia ile sindano nyembamba ya katikati. Sindano ikipinda, au chaja ikiwa ya kuiga, laptopu haijui chaja ina wati ngapi, basi inabana kasi na mara nyingi inakataa kuchaji. Ingia kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla ya mfumo endeshi kuanza, uangalie aina ya chaja: ikiandika Unknown, umepata jibu. Kasi isiporudi, zima, tenganisha batri, ujaribu kwa chaja peke yake.

Programu ya ThrottleStop kwenye Windows ina kisanduku cha BD PROCHOT cha kuondoa breki hiyo. Itumie kuthibitisha ugonjwa kwa dakika chache. Usiiache hivyo, kwa kuwa breki inaweza kuwa imevutwa na saketi ya umeme inayoungua kweli.

SWALI: Nikiwasha, inaandika Fan error kisha inazima.
*Msomaji, Tanga*

JIBU: EC imeipa feni umeme, imengoja mapigo, haikuyapata. Angalia kwanza kiunganishi cha waya kama kimekaa, kisha sukuma mapanga kwa kidole. Yakigoma au yakisaga, beringi imekwisha. Nunua feni yenye namba ileile iliyo kwenye lebo, idadi ileile ya waya na mzunguko wa upande uleule. Kwenye ThinkPad unaweza kubonyeza Esc ujumbe ukitokea ili iendelee kuwaka. Tumia nafasi hiyo kunakili mafaili yako tu, kisha uizime.