Maswali yenu kuhusu jina Esposito

Kila nikicheki mpira wa Italia nakutana na Esposito, hawa wote ni ukoo mmoja?

Hapana. Wachezaji Salvatore, Sebastiano na Pio ni ndugu kweli, wanatokea Castellammare di Stabia, jirani na Napoli, lakini Esposito wa mtaa wa pili anaweza asiwe na undugu nao hata chembe, coz jina hili halina babu mmoja. Walipewa jina hili watoto walioachwa, mmoja mmoja, kila mmoja akaanzisha ukoo wake.

Waliachwa wapi?

Napoli kuna nyumba inaitwa Annunziata, kanisa na hospitali pamoja, na ukutani kulikuwa na tundu lenye kitu cha mbao cha kuzungusha, wenyewe wanaita ruota. Mama anakuja usiku, anaweka mtoto, anazungusha, mtoto anatokea ndani na mama anaondoka hajaonwa na mtu. Ndani wanampokea, wanaandika kwenye daftari saa aliyofika na alichovaa, kisha anatafutiwa mama wa kumnyonyesha. Kwa miaka mingi sana watoto hawa waliandikwa Esposito, yaani aliyewekwa nje. Ruota ilifungwa 1875.

Naomba tusiseme walitupwa jamani. Kwenye nyumba kama hizi Italia kuna mama waliacha mtoto na nusu ya medali, nusu nyingine wanabaki nayo, ili siku hali ikiwa nzuri waje wamtambue mwanao. Wengi ilikuwa njaa, au wamezaa nje ya ndoa na jamii haitaki kuwaona, mi siwezi kuwahukumu hata kidogo.

Kwa hiyo ni jina la aibu?

Zamani lilikuwa mzigo, maana ukilitaja tu watu wanajua ulipotoka. Ndo maana Murat, shemeji yake Napoleon aliyekuwa mfalme wa Napoli, utawala wake ulipiga marufuku kuwapa watoto jina hilo, kila mtoto atungiwe la kwake. Ila waliokuwa nalo tayari walikuwa wengi na walishazaa. Leo ni kati ya majina matano yanayoongoza Italia nzima, pamoja na Rossi na Russo, na wengi wao wako Campania, mkoa wenye Napoli. Raffaele Esposito ndiye anayetajwa kuwa alitengeneza pizza Margherita mwaka 1889. Yule mwigizaji wa Gus kwenye tamthilia ya Breaking Bad, Giancarlo Esposito, baba yake ni Mtaliano wa Napoli. Aibu iko wapi hapo?

Mikoa mingine je?

Watoto kama hao Firenze utakuta waliitwa Innocenti, Roma Proietti, Bologna Degli Esposti. Milano ni Colombo, kutokana na njiwa aliyekuwa nembo ya hospitali ya huko, ingawa si kila Colombo ametokea hospitalini.

Dada yangu anaolewa na Esposito, atabadili jina?

Kule Italia mke anabaki na jina la kwao kwenye karatasi zake, sheria ya 1975 inasema anaongeza tu la mume.

Babu yake mume wangu ni Esposito wa Napoli, nianzie wapi kutafuta asili?

Anza na vyeti vya kuzaliwa kwenye manispaa, rudi nyuma kizazi kwa kizazi. Ukifika kwa mtoto ambaye wazazi hawajatajwa, hamia kwenye daftari za Annunziata, bado zimehifadhiwa. Mama humkuti kwa jina mara nyingi, ila unaweza kukuta saa mtoto alipopokelewa na nguo aliyofungwa.