Chenso inayokula pistoni: ichunguze iliyokufa kabla hujanunua nyingine

Mkuu, kwa ulivyoeleza, chenso yako (msumeno wa injini) imenoki tena, yaani pistoni imekwama kwenye silinda, fundi wa hapo Nachingwea analaumu oili, na wewe unataka kuagiza seti nyingine ya pistoni na silinda. Usiagize bado. Mimi ni fundi wa injini ndogo hapa Masasi, kazi yangu kubwa ni chenso na mabomba ya injini ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, na mashine zinazorudi na ugonjwa uleule nimezishika nyingi. Pistoni ni majeruhi tu. Aliyeiumiza bado yumo ndani ya mashine.

Ile ya zamani usiitupe. Ifute kwa petroli, toka nayo juani, iangalie pande zote. Mikwaruzo ikiwa imeizunguka yote, hapo fundi wako ana hoja: oili haikuwemo au ilikuwa kidogo mno. Ikiwa upande wa kabureta ndio umesagika na kufifia kama uliopigwa msasa, hilo ni vumbi limepita kwenye chujio la hewa. Kwa mchanga wetu huu ni jambo la kawaida sana, na mabomba ya salfa ndiyo usiseme, ile unga ikishaziba chujio watu wanalitoa na kuendelea kupuliza bila chujio. Wanaofanya hivyo wanaua mashine mpya ndani ya msimu mmoja, inauma kuiona.

Lakini ikiwa imechanika upande wa ekzosi peke yake, mistari ya wima, ringi imenasa kwenye mfereji wake, na upande wa kabureta bado unang'aa, basi injini ilikuwa inapata hewa nyingi mno kwa mafuta kidogo. Injini hii haina oili ya chini kama ya gari, oili yake inaingia ndani ya petroli. Petroli ikipungua, ulainishaji unapungua na joto linapanda kwa wakati mmoja, na upande wa ekzosi ndio wenye moto mkali kuliko wote.

Oili tuimalize haraka. Nunua sirinji ya mililita 20 duka la dawa. Sirinji moja kwa lita moja ya petroli ni 50 kwa 1, sirinji mbili ni 25 kwa 1. Fuata kitabu cha mashine yako na maelezo ya chupa ya oili, acha kukadiria kwa macho. Kama ulikuwa unapima vizuri na pistoni imekufa upande wa ekzosi tu, mimi ningeanza kutafuta hewa ya wizi, ile inayopenya kwenye ufa bila kupita njia yake ya kabureta.

Kuna chenso ililetwa kwangu kutoka upande wa Newala, inafanya kazi ya kuangusha mikorosho mizee. Ilikuwa imeshabadilishwa pistoni huko ilikotoka, na kila ikibadilishwa skrubu ya H ya kabureta, ile ya kurekebisha mafuta ya resi kubwa, inafunguliwa kidogo ili iongeze mafuta. Inatulia, inapiga kazi, halafu inanoki tena. Nilipoiwasha dalili zilikuwa wazi: haishiki sailensa (haitulii kwenye mwendo wa chini), ukiachia mafuta resi inachelewa kushuka, ukiilaza ubavu sauti inapanda yenyewe. Kufungua skrubu kulikuwa kunaficha tatizo tu, kwa sababu mafuta yanaongezwa kufukuzana na hewa ambayo kila siku inazidi.

Nikakuta manifodi ya raba, ile inayounganisha kabureta na silinda, imepasuka kwa chini. Ukiitazama tu huoni kitu. Ukiikunja kwa kidole ufa unafunguka, mwembamba, na pembeni yake unga wa mbao umeganda na mafuta. Nikaweka mpya. Baada ya muda ikarudi na dalili zilezile, manifodi imechanika palepale.

Hapo ndipo nilipoacha kabureta nikashika mipini. Ukishika mpini wa mbele kwa mkono mmoja na injini kwa mwingine ukavuta, injini ilikuwa inacheza kama jino bovu. Raba za mauntingi, zile za kuzuia mtikisiko, mbili zilikuwa zimekatika kabisa. Kwenye chenso nyingi za aina hii kabureta imefungwa upande wa mpini na tanki, silinda iko upande wa injini, na kati yao kuna manifodi tu. Gogo likibana mnyororo, mpasuaji anaipinda mashine kuichomoa. Mauntingi zikiwa zimekatika, nguvu yote ile inabebwa na manifodi. Tulibadilisha mauntingi na manifodi kwa pamoja, kabureta ikarudishwa kwenye kipimo chake, na mashine hiyo inafanya kazi hadi leo kwa pistoni ileile.

Ukikuta manifodi na mauntingi ni nzima, washukiwa wanaofuata ni oili sili mbili za kranki, upande wa magneto (inayotoa umeme wa plagi) na upande wa klachi. Kwa macho hutamaliza ubishi. Ziba tundu la ekzosi kwa kipande cha tyubu, ziba upande wa kabureta, tia upepo kwa pampu ya mkono yenye geji, usizidi nusu baa, kisha paka povu la sabuni utazame linapotoa mapovu. Kompresa ya matairi usiisogeze, itang'oa sili. Halafu pima na kwa kunyonya, maana kuna sili inayozuia upepo kutoka lakini inaruhusu kuingia.

Usisahau upande wa mafuta: chujio la ndani ya tanki, paipu yake, na tundu la hewa la kifuniko. Mashine ikikata moto baada ya dakika chache na kulegeza kifuniko kunaifufua, tundu limeziba.

Silinda nayo isikufanye uvunje akiba. Mara nyingi kinachoonekana kama mkwaruzo ni aluminiamu ya pistoni iliyogandia ukutani, na inatolewa kwa msasa laini na subira. Pitisha ukucha: kama unakwama kwenye shimo, hapo ndipo uagize.

Piga picha ya pistoni upande wa ekzosi na upande wa kabureta, uzitume. Na useme mauntingi umezikutaje.