Mtoto mchanga, degedege na herpesi: maswali yenu kutoka visiwa vya Lamu

*Mtoto wa dadangu ana siku 16, tangu jana hanyonyi, analala tu na mkono mmoja unarukaruka. Bibi asema ni nyuni, yule shetani wa degedege, asomewe kwanza. (Faza)*

Dadangu, msomeeni humo humo kwenye boti mkija hospitali, msingoje asubuhi! Mtoto hajafika mwezi akiacha kunyonya, akalegea ama akashikwa na degedege, yaweza kuwa bakteria, yaweza kuwa sukari imeshuka, na yaweza kuwa virusi vya herpesi, vile vya malengelenge ya mdomoni na sehemu za siri, vimeingia kwenye ubongo, na hii ya ubongo sana hujitokeza wiki ya pili ama ya tatu, watu washatulia nyumbani. Daktari atampima maji ya uti wa mgongo, na akishuku tu huanza asaiklovia, dawa ya kupambana na virusi hivyo, kwa sindano ya mshipa bila kungoja majibu. Njiani mwekeni kifuani apate joto, na degedege ikimshika msimtie kitu mdomoni.

*Lakini hana lengelenge hata moja? (Langoni)*

Hata kama hana, yaweza kuwa hiyo. Kama thuluthi ya wenye ya ubongo hawatoi malengelenge kabisa, na wengine hata homa hawana, mwili wapoa.

*Mume wangu aniuliza hii herpesi ya mtoto nimeitoa wapi, na mimi sijawahi kuona kidonda. (Mkomani)*

Msomee hii tafadhali. Akina mama wengi waliopata mtoto hivi hawakujua kama wanayo, na yeye mwenyewe mume aweza kuwa nayo bila dalili akakuambukiza. Hatari zaidi ni mama akiipata mara ya kwanza mimba ikiwa kubwa, manake mwili haujawahi kutengeneza kinga ya kumpitishia mtoto, basi anaipata akizaliwa. Wengine huipata baadaye kwa kubusiwa, na nyinyi mwajua arobaini zetu, mtoto apita mikono ya mtaa mzima. Mwenye kidonda cha mdomo asimbusu, awe shangazi awe nani, na wewe usione haya kumwambia.

*Naweza kunyonyesha? (Shela)*

Ndio, ila titi lenye kidonda usimpe.

*Akipona atakuwa sawa? (Matondoni)*

Bila dawa karibu nusu ya wenye ya ubongo hufa, kwa dawa wengi huishi, lakini wengi pia hubaki na kifafa, mtindio wa ubongo, macho mabovu ama kuchelewa kukaa na kusema. Kwa hivyo sindano ni siku 21, kila saa 8, usikubali kutoka mapema eti kwa sababu amechangamka, halafu dawa ya kunywa miezi 6. Na kliniki usiache, ukiona shingo haikazi ama mkono mmoja hautumii sema siku hiyo hiyo, aanzishwe mazoezi.