Kabla Hujachomeka Waya wa Pili Kati ya Swichi za Watengenezaji Tofauti

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa ghorofa ya chini ya jengo la ofisi jijini Dar es Salaam, mbele ya swichi kuu ya Cisco, na fundi mwenzangu alikuwa ghorofa ya nne mbele ya swichi ya HP. Tulitaka nyaya mbili za gigabiti 1 zifanye kazi kama kiungo kimoja. Nilimwambia kwa simu aweke tranki kwenye poti ya 23 na ya 24, naye akazipitishia poti hizo VLAN zote (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi zilezile), kwa sababu hiyo ndiyo maana ya tranki kwa Cisco. Kwenye swichi aliyokuwa nayo mkononi, tranki ni kundi la poti zilizofungwa pamoja. Upande wangu nilikuwa nimeshalifunga kundi kwa nguvu, bila LACP, itifaki inayoziwezesha swichi mbili kukubaliana kuhusu kundi. Kosa lilikuwa letu sote wawili, na baada ya dakika chache seva ya faili ikawa inapatikana na kupotea.

Nilitegemea STP, itifaki inayofunga njia za ziada ili data isizunguke bila kikomo, ituokoe, lakini haikuweza, na sababu yake inastahili kueleweka vizuri. Swichi yangu iliziona nyaya mbili kama poti moja, hivyo ujumbe wake wa STP, unaotoka kila baada ya sekunde 2, ulipita katika waya mmoja tu. Swichi ya juu iliusikia mzizi (swichi ambayo STP huifanya kitovu cha mtandao) kwenye waya huo, na kwa kuwa waya wa pili ulikuwa kimya, ikaufungua nao upitishe data. Tangazo, yaani ujumbe unaotumwa kwa vifaa vyote, lililopanda kwa waya wa kwanza likashuka kwa wa pili, na swichi yangu ikaanza kuamini kwamba anwani za MAC (namba za utambulisho wa vifaa) za seva zilizokuwa pembeni yangu ziko ghorofa ya nne. Ukiona kwenye kumbukumbu za swichi anwani moja ikihamahama kati ya poti, anzia hapo kabla ya kulaumu waya.

Tangu siku hiyo sifungi kundi bila LACP, na pande zote mbili naziweka ziwe zenye kuanzisha mazungumzo, kwani pande mbili zinazosubiri kuanzwa hazitazungumza kamwe. PAgP, itifaki nyingine ya kufunga kundi, ni ya Cisco, kwa hiyo haifai hapa. Kwenye vifaa vya MikroTik kumbuka kuchagua hali ya 802.3ad, yaani ya LACP, maana kundi jipya huanza na balance-rr, ambayo haizungumzi LACP. Waya wa pili nauchomeka mwisho, baada ya kuona utambulisho wa swichi ya upande wa pili ndani ya kundi.

Mzizi wa STP uchague mwenyewe. Kipaumbele cha kawaida ni 32768 kwa swichi zote, na zikilingana hushinda yenye anwani ndogo ya MAC, ambayo mara nyingi ni swichi kuukuu uliyoisahau stoo. Mimi huipa swichi kuu 4096, kwa kuwa namba ndogo ndiyo inayoshinda. Linganisha pia hesabu ya gharama za njia, ambazo STP hutumia kuchagua kiungo, kwa kuwa gigabiti 1 huhesabiwa 4 kwa mtindo wa zamani na 20000 kwa mtindo mpya, na mchanganyiko huo unaweza kufunga kiungo kizuri na kuacha kibovu. Cisco ikitumia PVST+, yaani STP ya peke yake kwa kila VLAN, swichi isiyoijua huupitisha ujumbe wa STP wa VLAN zisizo ya 1 kama data ya kawaida bila kuusoma. Ndiyo maana napendelea MSTP, aina ya STP inayozigawa VLAN katika makundi, kote, jina la eneo, namba ya toleo na mgawo wa VLAN vikiwa vilevile kila mahali.

Mwisho huchomoa waya mmoja mmoja huku ping (jaribio la kuona kama kifaa kinajibu) ikiendelea. Kama kati ya swichi kuna vibadilishi vya faiba (vifaa vinavyounganisha waya wa shaba na faiba), taa ya poti inaweza kubaki inawaka ingawa faiba imekatika, na LACP ya mwendo wa polepole itachukua sekunde 90 kugundua. Ya mwendo wa haraka huchukua 3, na hiyo ndiyo ninayoiweka kwenye viungo vya namna hiyo.