Hewa inaishia wapi? Jibu la mjaza mitungi wa Malindi

Ndugu uliyeuliza hewa inaishia kilomita ngapi, na kwa nini juu kuna baridi ilhali ndiko tunakolikaribia jua: naanza na la pili, maana ndilo ninaloliona kazini. Mimi hujaza mitungi ya wapiga mbizi hapa Malindi.

Mtungi ukiujaza haraka hadi kanieneo (msukumo wa hewa) ya bar 200, chuma kinapata moto. Uache kivulini upoe, utaona mshale wa geji umeshuka na hakuna kilichovuja. Kisha fungua valvu: hewa inafoka ya baridi, shingo ya mtungi inaota umande. Hewa ikibanwa hupata joto, ikitanuka hupoa. Angani ni vivyo hivyo. Jua hupasha zaidi ardhi na bahari, nazo ndizo huipasha hewa kutoka chini. Hewa hiyo ikipanda hukuta kanieneo ndogo, hutanuka, hupoa. Kwa wastani kila kilomita moja hupungua nyuzi 6.5.

Tabaka hilo la chini la hewa, linalopoa kadiri unavyopanda, ndilo troposfia, na mawingu ya masika yamo humo. Kwetu karibu na ikweta lina unene wa kilomita 17 hivi. Kwenye ncha za dunia halifiki 10. Juu yake, stratosfia, joto linapanda tena kwa sababu gesi ya ozoni inanyonya miale ya jua ya urujuanimno. Mesosfia, tabaka linalofuata, naipita: baridi kali, na vimondo vingi huungulia huko.

Sasa kuishia. Haiishii, inazidi kuwa nyembamba tu. Ukifika kilomita 5.5, nusu ya hewa yote umeiacha chini. Ile kilomita 100 inayotajwa kama mpaka wa anga za juu ni makubaliano ya watu; hata juu yake hewa ipo. Tarehe 26 Aprili 1967 Waitaliano walirusha satelaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa lao la baharini, hapa Ngomeni. Ganda lake jepesi liliungwa na kiini kizito kwa mikono inayonepa, ili hewa ikilisukuma msukumo upimike. Ilizunguka zaidi ya kilomita 200 juu, na hewa hiyo hiyo ikaipunguza mwendo mpaka ikaanguka Oktoba mwaka huo huo.

Na aliyedai satelaiti ingeyeyuka kwenye thamosfia, tabaka lililo juu ya mesosfia, kwa kuwa kuna nyuzi zaidi ya 1,000: molekuli zinakwenda kasi kweli, ila ni chache mno kupasha kitu. Kipimajoto chetu cha kawaida, kikiwa kivulini huko, kingesoma chini ya sifuri.