Maswali ya Wavuvi: Rili Moja kwa Puto na kwa Kurusha?

SWALI: Naishi Perth, Australia Magharibi. Mimi na jamaa zangu tunajiandaa kwenda Steep Point kuvua nguru kutoka majabalini, chambo kikipelekwa baharini na puto linalosukumwa na upepo. Nataka rili ya kukaa juu ya ufito, na niitumie pia kurusha chambo bandia. Dukani nimeonyeshwa ya breki ya wenzo (kijiti cha kusukuma mbele na nyuma) na ya breki ya nyota (gurudumu la umbo la nyota linalozungushwa karibu na mkono wa rili). Nichukue ipi?
Msomaji, Perth

JIBU: Kama pesa ni ya rili moja tu, chukua ya breki ya nyota, saizi ya 30, yenye gia ya haraka ya kama 6 kwa 1, yaani spuli, gurudumu linalobeba mshipi, huzunguka mara 6 kwa kila mzunguko wa mkono. Penn Fathom, Daiwa Saltist na Shimano Torium zinapatikana kwa umbo hilo. Lakini kama siku nzima utakuwa kwenye puto na kurusha ni kwa nadra, ya wenzo kama Shimano TLD 25 itakufaa zaidi. Rili inayofanya kazi zote mbili kwa ubora uleule haipo, na muuzaji akikuambia ipo, usimsikilize.

Anza na hesabu ya mshipi, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Puto hupeleka chambo mita 100 hadi 200 kabla samaki hajagusa. Nguru mkubwa akishanasa huweza kuchukua mita 100 nyingine kwa mkimbio mmoja, na wewe uko juu ya jabali, huna mashua ya kumfuata. Kwa hiyo usishuke chini ya mita 400. Rili ya saizi ya 30 haibebi nailoni nene ya urefu huo, basi changanya: funga kwanza mita chache za nailoni kwenye spuli ili mshipi wa kusuka usiteleze, kisha mita 300 za mshipi wa kusuka wa kilo 24 (uzito unaouhimili bila kukatika), na juu yake mita 120 za nailoni ya kilo 15. Nailoni ya juu ina faida zake: inastahimili kukwaruzwa na mwamba kuliko mshipi wa kusuka, inavutika kidogo samaki anapopiga kichwa, na haikati kidole gumba wakati wa kurusha. Fundo la kuunganisha liwe jembamba, lipite kwenye pete za ufito bila kugonga.

Kasi ya gia nayo si ya mashindano tu. Spuli iliyojaa yenye kipenyo cha sentimita 6, kwa gia ya 3.6 kwa 1, hurudisha sentimita 68 kwa kila mzunguko wa mkono. Kurudisha puto kutoka mita 200 ni mizunguko karibu 300, na spuli ikipungua inakuwa zaidi. Kwa gia ya 6 kwa 1 ni kama 180. Upepo ukigeuka mara nne kwa asubuhi moja, bega lako litakuambia tofauti.

Uzuri wa wenzo ni kwamba unaona breki ilipo: unasukuma mbele, unarudisha nyuma, na alama ya nguvu ya kumnasia samaki iko palepale. Pima breki kwa mizani ya kuning'iniza, mshipi ukiwa umepita kwenye ufito: thuluthi ya nguvu ya mshipi, yaani kilo 5 kwa mshipi wa kilo 15. Kumbuka kwamba breki inakaza yenyewe mshipi unapotoka. Kipenyo kikishuka kutoka sentimita 6 hadi 4, kilo 5 zako zimeshakuwa 7.5, na bado hujahesabu uzito wa maji unaovuta mshipi wote ule. Samaki akikimbia mbali, legeza. Wageni wa kazi hii hukaza kwa hofu, na mshipi hukatika.

Kosa la kawaida la rili ya wenzo: kile kifundo cha kupangia nguvu kikikazwa mno, spuli haiachii hata ukirudisha wenzo mwisho. Kigeuze tu wenzo ukiwa umeachia kabisa, kisha hakikisha spuli inazunguka huru.

Kuhusu puto lenyewe: lipulize hadi sentimita 20 hivi, kubwa zaidi upepo ukiwa dhaifu. Lifunge kwenye pete ya kuzunguka iliyo juu ya waya, chambo kikae mita 2 hadi 4 chini yake. Chuchunge mzima kwenye ndoana tatu zilizounganishwa, na waya mwembamba wa kilo 20 hadi 30, vinatosha kwa nguru. Subiri upepo wa mashariki au kusini-mashariki unaotoka nchi kavu. Achia spuli, washa kilio cha rili (kinacholia mshipi ukitoka), weka kidole gumba juu yake, na mshipi utoke umenyooka bila kulegea. Usilifunge puto kwa uzi wa kukatika ili lielee liendako. Kisiwa cha Dirk Hartog, kilicho ng'ambo tu ya Steep Point, ni mahali ambapo kasa hutaga mayai, nao hula mpira. Lifunge kwa nguvu lirudi na mshipi, hata likiwa limepasuka.

SWALI: Nimenunua rili ya breki ya nyota kurushia kanadi. Kila nikirusha, mshipi unavurugika ndani ya spuli. Rili ni mbovu?
Msomaji, Muscat

JIBU: Si mbovu. Spuli inazunguka haraka kuliko mshipi unavyoondoka. Ning'iniza chambo, legeza kifundo cha pembeni mpaka kishuke polepole na spuli isimame kinapogusa ardhi. Breki ya sumaku, kama ipo, iweke mwisho kisha uipunguze kadiri unavyozoea. Jaza mshipi uishie milimita 3 chini ya ukingo, na wakati wa kurudisha uupange kwa kidole kushoto na kulia, maana ukirundikana upande mmoja utagusa fremu.

Ukivurugika mwanzoni mwa mrusho, umeanza kwa kishindo: vuta ufito taratibu, ongeza kasi mwishoni. Ukivurugika mwishoni, hukubana spuli kwa kidole kabla chambo hakijagusa maji. Jifunze kwanza kwa nailoni ya milimita 0.45 na chambo cha gramu 100.

SWALI: Niisafisheje rili baada ya maji ya chumvi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Kaza breki maji yasiingie kwenye sahani zake, mwagia maji baridi kidogokidogo, usipige kwa mpira wa kasi. Ifute, iache kivulini ikauke, kisha legeza breki kabisa kabla ya kuiweka.