Maswali ya Wasomaji: Fundi Anapoingia Darasani, Nani Amshike Mkono?

SWALI: Ndugu Mshauri, nimefanya kazi ya kuchomelea vyuma hapa Tanga kwa miaka mingi, na mwaka huu nimeajiriwa kufundisha fani hiyo katika chuo kimoja cha ufundi stadi. Kazi naijua, lakini wanafunzi hawanipati. Nikichomelea mimi kiungo kinatoka safi. Wakichomelea wao, vyuma vinashikana kwa kubahatisha. Mkuu wa chuo amenipangia mwalimu wa kunilea, ila yeye anafundisha hesabu, na kila tunapokutana ofisini tunazungumzia andalio la somo. Je, ninaweza kumwomba msaada gani zaidi?
S.M., Ngamiani

JIBU: Mwalimu S.M., walimu wengi wa ufundi stadi huingia darasani wakitokea karakana au kiwandani, na ualimu wenyewe huusomea baadaye. Ndiyo maana kipo Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro, na ukipewa nafasi ya kwenda usiikatae. Hata hivyo, Morogoro ni mbali na Tanga, na Jumatatu asubuhi wanafunzi wako watakuwa wamekwisha vaa ovaroli wanakusubiri.

Andalio la somo lina umuhimu wake, lakini sidhani kwamba tatizo lako liko kwenye karatasi. Tuchukue somo lako lenyewe. Unapowakusanya wanafunzi ishirini wakuzunguke uwaonyeshe kuchomelea, na ngao za uso ni tatu au nne, anayekodoa macho makavu anaumia (na maumivu hayo huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, wakati wewe hupo), na anayegeuza uso haoni kitu. Kwa hiyo wengi wao hawajawahi kuiona kazi unayodhani umewaonyesha. Isitoshe, mkono wako umezoea mno: unaiinamisha rodi, unatunza umbali wake na chuma, unakwenda kwa mwendo mmoja, na papo hapo unaishusha rodi kadiri inavyoliwa na moto, yote kwa pamoja na bila kuyafikiri. Mwanafunzi anahitaji kuyapata moja moja.

Jaribu kuanza mashine ikiwa imezimwa. Wagawe katika vikundi vidogo, waonyeshe mwinamo wa rodi na umbali wa ncha yake, ambao kwa rodi za kawaida hukaribiana na unene wa waya wa ndani wa rodi hiyo hiyo, kisha kila mmoja apitishe mkono mkavu juu ya chuma mbele yako. Ndipo uwashe, ukiwa na wale tu wenye ngao, na uwaambie wasikilize pia: umbali ukiwa sawa, mlio unakuwa wa mfululizo kama mihogo inayokaangwa, rodi ikienda mbali, mlio unakatika na cheche zinatawanyika.

Sasa mlezi wako. Mwombe atoke ofisini aje akae karakana, walau kipindi kimoja kwa wiki, na umpe jambo moja tu la kutazama. Mwalimu wa hesabu hawezi kukwambia kama kiungo kimepenya, lakini anaweza kuhesabu ni wanafunzi wangapi walioshika rodi katika kipindi kizima na wangapi walioegemea ukuta, tena pengine kwa makini kuliko fundi mwenzako ambaye macho yake yatavutwa na kazi. Mkutane siku hiyo hiyo, kabla hamjasahau. Kwa yale ya fani, mtafute mwalimu mkongwe wa karakana yoyote chuoni, hata akiwa wa magari au wa useremala, uombe kuingia kwenye kipindi chake; utazame anavyogawa vifaa na anavyosimama, kwa sababu mwalimu mzuri wa karakana hasimami mahali ambapo anawapa mgongo wanafunzi walio kwenye mashine.

SWALI: Mimi ni mwalimu mpya wa ushonaji katika shule ya sekondari iliyoanzisha mkondo wa amali. Shuleni hakuna mwalimu mwingine wa fani yoyote ya ufundi. Katika vikao vya mafunzo kazini wenzangu wanajadili Kiingereza na Baiolojia, nami nanyamaza. Nifanyeje?
Mwalimu wa kike, Muheza

JIBU: Usiviache vikao hivyo. Utaratibu wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unawakutanisha walimu shuleni kwao ili wajifunze wao kwa wao, na namna ya kuuliza maswali au ya kusimamia darasa kubwa haina somo lake maalumu. Lakini vikao hivyo havitakufundisha namna ya kuongoza wanafunzi arobaini wenye cherehani sita, na hilo ndilo linalokuelemea. Mwombe mkuu wa shule akuandikie barua ya kukutambulisha kwenye chuo cha VETA au chuo cha maendeleo ya wananchi kilicho karibu, upate mwalimu mmoja wa fani yako wa kuwasiliana naye na, inapowezekana, kumtembelea wakati wa likizo fupi. Pia usiwadharau mafundi cherehani wa mtaani. Wao wanajua mteja anakataa nguo kwa kosa gani, na jambo hilo halimo katika kitabu cha kiada.

SWALI: Mimi ni mkuu wa idara. Nimewapangia walimu wapya walezi, na kwa kuwa walezi hao wanawafahamu vizuri, nimewaza wao ndio wajaze pia tathmini ya kipindi cha majaribio. Ni sahihi?
H., Pangani

JIBU: Hapana, Mkuu. Mwalimu akijua kwamba anayemsaidia ndiye atakayemwandikia ripoti, atamwonyesha kipindi alichokifanyia mazoezi na kuyaficha yale yanayomshinda. Tathmini ifanye wewe mwenyewe, kwa kuingia darasani na karakana, na yale ambayo mlezi ameyaona yabaki kati yake na mwalimu wake, isipokuwa jambo linalohatarisha usalama wa wanafunzi. Jambo moja zaidi: mpunguzie mlezi vipindi. Ukimwongezea kazi ya kulea juu ya ratiba iliyojaa, atasaini daftari la ulezi bila kukanyaga karakana.